Neno lililoandikwa na neno linalosemwa: maandishi katika picha za wachoraji wa Lubumbashi

1. Utangulizi

Mtu anayezitazama picha za wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi hukutana mapema na jambo ambalo wahakiki wengi wamelipita kwa haraka: picha hizo zina maandishi. Juu ya turubai pana mwaka, pana jina la mtu au la mahali, pana sahihi ya mchoraji, na mara nyingine pana sentensi nzima iliyopangwa chini ya picha au iliyotiwa kinywani mwa mmoja wa watu waliochorwa. Maandishi hayo, kwa sehemu kubwa, ni ya Kifaransa. Watu walionunua picha hizo ili kuzitundika katika chumba cha kupokelea wageni, kwa sehemu kubwa, walizungumza Kiswahili.

Rai mbili zimezoeleka kuhusu maandishi hayo. Ya kwanza husema kwamba ni maelezo tu: mchoraji hakuuamini mkono wake, akaongeza maneno ili mtazamaji asipotee. Ya pili huyatazama makosa ya tahajia na kuyahesabu kuwa alama ya elimu ndogo au, kwa wale wanaopenda kusifu, alama ya unyofu wa msanii asiyeharibiwa na shule. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba rai zote mbili zina kosa moja. Zinadhani kwamba neno lililoandikwa lilikusudiwa kusomwa na mtu mmoja, kimya, mbele ya picha. Katika Lubumbashi neno hilo lilifanya kazi nyingine. Lilikuwa kigingi cha kufungia masimulizi, na masimulizi yenyewe yalitoka mdomoni, kwa Kiswahili. Anayesoma maandishi bila kuyauliza masimulizi amesoma nusu ya kazi.

2. Neno linapoingia katika picha

Kutia maneno katika picha si jambo lililozuliwa Katanga. Katika sanaa ya Ulaya ya karne ya 20 limekuwa jambo la kawaida, na inafaa kukumbuka kwa nini. Mwaka 1911 Georges Braque alitia katika picha yake iitwayo Le Portugais herufi za chapa, kama zile zinazoonekana kwenye makasha ya bidhaa na mabango ya mjini. Mwaka uliofuata Pablo Picasso aliandika herufi JOU katika picha ya meza na kiti, nazo zaweza kuwa mwanzo wa neno la Kifaransa la gazeti au la mchezo. Mtazamaji ameachiwa achague. Mwaka 1929 Mbelgiji René Magritte alichora kiko kwa uangalifu mkubwa, kisha chini yake akaandika kwamba kile si kiko. Katika mifano hii mitatu neno linaingia ili kuitikisa picha. Linamwambia mtazamaji kwamba alichokiona ni rangi juu ya kitambaa, na kwamba macho yake yamezoea kudanganywa.

Afrika ina mifano yake. Frédéric Bruly Bouabré wa Côte d'Ivoire, aliyefariki mwaka 2014, alibuni mwandiko wa ishara zaidi ya 400 kwa ajili ya lugha yake ya Kibete. Na katika michoro yake midogo ya kadi maneno ya Kifaransa huizunguka picha pande zote nne, mithili ya ua linalozunguka nyumba. Hapa neno haliitikisi picha. Linaihifadhi, ili kilichoonwa kisipotee.

Wachoraji wa Lubumbashi wako karibu zaidi na Bouabré kuliko Magritte, kwa kuwa wao pia wanaogopa usahaulifu kuliko udanganyifu wa macho. Lakini kuna tofauti kubwa. Bouabré alikabidhi kumbukumbu zake kwa mwandiko. Mchoraji wa Lubumbashi alikabidhi mwandiko sehemu ndogo tu, na sehemu kubwa akaiacha kwa watu wazungumzao. Ili kuelewa alifikaje hapo, inabidi kurudi nyuma kidogo katika historia ya mji.

3. Kutoka picha zisizo na neno hadi picha zilizoandikwa

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mjini Elisabethville, kama mji wa Lubumbashi ulivyoitwa hadi mwaka 1966, karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Humo walitokea Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, ambao sifa zao zimefika mbali na kwa haki. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze alisonganisha mistari mifupi mpaka turubai ikawa kama mkeka uliosukwa. Walichora ndege, samaki, nyoka, majani na wawindaji. Katika picha hizo hakuna neno isipokuwa sahihi. Hakuna mwaka wa tukio, hakuna jina la mji, hakuna mgodi wala bomba la kiwanda, ingawa bomba hilo lilionekana kutoka kila pembe ya mji. Wanunuzi walikuwa hasa Wazungu, nao walitafuta Afrika iliyo nje ya historia. Picha isiyo na neno iliwafaa.

Wachoraji wa mitaani waliotokea baada ya uhuru, na hasa wale wa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wa miaka ya 1970, walikuwa na soko jingine. Waliwauzia wafanyakazi wa migodi na wa reli, makarani, walimu na wachuuzi. Mara nyingi walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kilichonyoshwa na kupakwa rangi ya kutangulia. Wengi wao walijipatia riziki pia kwa kuandika mabango ya maduka na ya baa, kwa hiyo brashi yao ilikuwa imeshazoea herufi kabla ya kufika kwenye turubai. Kwao herufi na mwili wa mtu vilikuwa kazi ya mkono mmoja.

Anayejulikana zaidi kati yao ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, na ambaye habari zake zimekatika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yeye hakuridhika kuitwa mchoraji. Alijihesabu kuwa mwanahistoria. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi, tangu zamani za mababu hadi siku zake, kwa ajili ya Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha wakati huo katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Picha hizo ziko leo katika jumba la makumbusho la Wereldmuseum, lililoitwa zamani Tropenmuseum, mjini Amsterdam. Kwa kuwa mazungumzo juu ya picha hizo yalirekodiwa, ndizo zinazoruhusu, kuliko nyingine zote, kulinganisha neno lililoandikwa na neno lililosemwa.

4. Tarehe iliyo hoja

Mfano wa kwanza ni picha iliyochorwa na kurudiwa na wachoraji wengi wa Katanga, Tshibumba akiwa mmojawapo. Katika ua wa gereza mfungwa amelazwa kifudifudi, askari mweusi anampiga fimbo, na ofisa Mzungu amesimama akitazama. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Picha hiyo watu huiita kwa maneno yaliyoandikwa juu yake: Colonie Belge. Tshibumba aliongeza miaka miwili: 1885 na 1959.

Mwanafunzi wa historia atasema upesi kwamba miaka hiyo ina makosa pande zote mbili. Mwaka 1885 Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II, chini ya jina la Dola Huru. Ubelgiji iliitwaa mwaka 1908 tu. Na ukoloni haukuisha mwaka 1959, bali tarehe 30 Juni 1960. Mhakiki wa rai ya pili atafurahi: huyu hapa msanii asiyejua tarehe.

Lakini Tshibumba alizijua tarehe, kwa kuwa katika mfululizo wake alizipanga moja baada ya nyingine. Inafaa basi kuisoma miaka hiyo miwili kama hoja. Kwa mtu aliyelala kifudifudi, mwaka 1908 haukuleta mabadiliko yoyote; fimbo ilikuwa ileile, na aliyetoa amri alitoka kulekule. Kuandika 1885 ni kukataa tofauti ambayo vitabu vya shule viliiweka kati ya ukatili wa mfalme na utawala wa taifa lake. Upande wa pili, tarehe 4 Januari 1959 watu wa Léopoldville waliinuka, wengi wakauawa, na siku chache baadaye mfalme wa Wabelgiji alilazimika kutamka hadharani neno la uhuru. Kuandika 1959 ni kusema kwamba ukoloni uliisha siku watu walipoacha kuuogopa, si siku hati zilipotiwa sahihi. Miaka miwili, herufi nane kwa jumla, imebeba tafsiri kamili ya historia. Lakini inaibeba kimya. Hakuna sentensi juu ya turubai inayofafanua kwa nini 1885, kwa nini 1959. Ufafanuzi huo ulikuwa kazi ya mwenye nyumba, mgeni wake alipoinua macho na kuuliza.

Ndiyo sababu si sahihi kuyaita maandishi haya maelezo. Maelezo hufunga swali. Miaka hii miwili inalifungua.

5. Damu inayoandika

Mfano wa pili unakwenda mbali zaidi. Katika mojawapo ya picha zake juu ya kifo cha Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, Tshibumba amewachora wakiwa chini, maiti. Nyuma yao, mbali, kuna misalaba mitatu. Lumumba ana jeraha ubavuni. Damu inatiririka kutoka jeraha hilo mpaka ardhini, na pale ardhini inajiandika yenyewe: unité, yaani umoja.

Kila mtu aliyelelewa karibu na kanisa, na katika Katanga ni wengi, anauelewa ubavu uliotobolewa na misalaba mitatu bila kufundishwa. Jambo jipya hapa ni neno. Katika sehemu nyingine za picha za Lubumbashi maandishi yanakaa pembeni, kama karani aliyekaa mezani kwake wakati tukio linatokea katikati ya chumba. Hapa mpaka huo umevunjwa. Neno halikuandikwa na mchoraji juu ya tukio. Limeandikwa na tukio lenyewe, kwa wino utokao katika mwili. Kama Magritte aliandika ili kusema kwamba picha si kitu, Tshibumba aliandika ili kusema kwamba kitu hiki, damu hii, ilikuwa na maana hata kabla ya mchoraji kufika.

Neno hilo moja lilikuwa na uzito wa pekee katika mji huu. Lumumba alitetea umoja wa Kongo, na aliuawa katika jimbo lililokuwa limetangaza kujitenga tangu Julai 1960. Mchoraji aliyeuza picha hiyo Lubumbashi katika miaka ya 1970 aliwauzia watu ambao baadhi yao walikuwa wameushangilia mtengano huo, na wengine walikuwa wameteswa kwa kuupinga. Kuandika neno unité ardhini, mahali watu wote wanapokanyaga, kulikuwa ni kuingiza katika nyumba jambo ambalo majirani walikuwa bado hawajakubaliana juu yake. Picha ilitundikwa, nao walilazimika kuzungumza, au kunyamaza kwa namna inayosikika.

6. Ukumbusho

Watu wa Lubumbashi walikuwa na jina la kazi ya picha hizo: ukumbusho. Wachunguzi waliofanya kazi mjini hapa katika miaka ya 1970 walilitambua mapema kuwa neno la msingi, lakini halijachambuliwa vya kutosha kama neno la Kiswahili. Kwa mwanaisimu linafaa kutazamwa kwa makini.

Shina lake si -kumbuka bali -kumbusha, kitenzi cha kutendesha. Kukumbuka ni tendo la mtu mmoja. Mtu anaweza kukumbuka akiwa peke yake gizani. Kukumbusha kunahitaji wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Nomino inayotokana na kitenzi hicho kwa kiambishi cha mwisho -o inataja kitu au njia ambayo kwayo mmoja anamfanya mwingine akumbuke. Neno la Kifaransa linalotumiwa kulitafsiri, souvenir, lina picha nyingine: ni kile kinachomjia mtu akilini mwake. Mfasiri anayeandika souvenir mahali pa ukumbusho amemwondoa mtu wa pili chumbani. Na ni kwa ajili ya mtu huyo wa pili kwamba picha ilinunuliwa.

Kwa mtazamo huu mgawanyo wa lugha juu ya turubai unaeleweka. Kifaransa kilikuwa lugha ya cheti cha ubatizo, cha kitambulisho, cha hati ya mahakama na cha kitabu cha shule. Tarehe na jina vilipoandikwa kwa Kifaransa vilipata sura ya jambo lililothibitishwa ofisini. Mchoraji aliazima muhuri wa serikali ili kuugonga juu ya habari ambazo serikali isingezigongea muhuri. Kiswahili hakikuhitaji kuandikwa kwa kuwa kilikuwepo tayari chumbani, midomoni mwa watu. Hata hivyo hakikosekani kabisa katika mfululizo. Imo picha ya Simba Bulaya, iliyopewa jina la uvumi wa zamani za ukoloni juu ya watu walionyakuliwa usiku. Jina hilo lisingeweza kutafsiriwa bila kuuawa, na lina bu- ya Katanga mahali pa u- ya pwani, kama linavyotamkwa mitaani. Pale serikali haikuwa na neno lake, Kiswahili kiliingia chenyewe.

Mpangilio huu una ndugu yake katika maandishi ya mji huohuo. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, alikusanya historia fupi iitwayo Vocabulaire de la ville de Elisabethville. Jalada lina jina la Kifaransa. Ndani, maneno ni Kiswahili cha Lubumbashi, kilichopigwa kwa mashine bila kufuata tahajia yoyote iliyokubaliwa, maneno yakiunganishwa na kukatwa mahali pasipotarajiwa. Fabian alipoitoa kwa uchapishaji mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, ilibidi isomwe kwanza kwa sauti, maana jicho peke yake lilikwama. Sikio lilipoisikia, maneno yalijitenga yenyewe. Hapa kuna fundisho kwa wahakiki wa picha. Katika mji huu neno lililoandikwa halikukusudiwa kuishi bila sauti, iwe juu ya karatasi au juu ya gunia la unga.

Makosa ya tahajia nayo yapimwe kwa kipimo hicho. Mzungumzaji wa Kiswahili huipokea vokali ya Kifaransa u kama i. Ndiyo maana neno bureau limekuwa biro katika Kiswahili cha Kongo. Mchoraji anapoandika Kifaransa kwa sikio la Kiswahili, kosa lake ni ushahidi wa lugha mbili zinazokutana katika mkono mmoja. Mhariri anayelisahihisha kosa hilo katika maelezo ya picha anafuta athari pekee ya Kiswahili iliyobaki juu ya turubai.

7. Mfano wa kupambanua: Kinshasa

Ili isidhaniwe kwamba kila neno katika picha za Kongo linafanya kazi hiyo, inafaa kumtazama Chéri Samba. Alizaliwa mwaka 1956 huko Kinto M'Vuila, akafanya kazi ya kuandika mabango na kuchora hadithi za katuni, na mwaka 1975 akafungua karakana yake Kinshasa. Katika picha zake maandishi yamekua mpaka yakachukua mara nyingine sehemu kubwa ya turubai: aya nzima za Kifaransa na za Lingala, swali, jibu, mzaha na karipio. Msanii mwenyewe amechorwa katikati, naye ndiye asemaye. Katika picha yake ya mwaka 2011 iitwayo La vraie carte du monde, dunia imepinduliwa, kusini iko juu, na maandishi yanatoa sababu.

Tofauti na Tshibumba ni wazi. Samba ameileta sauti yote ndani ya picha. Anayeitazama Paris au Tokyo, mradi anasoma Kifaransa, hahitaji mtu wa kumsimulia. Hii ni nguvu kubwa, na pengine ndiyo moja ya sababu picha zake zilisafiri vizuri tangu maonyesho ya Magiciens de la terre ya Paris mwaka 1989. Lakini nguvu hiyo ina gharama yake. Mtazamaji wa Samba anakaripiwa, anachekeshwa, anafundishwa, ila haulizwi habari za baba yake. Mtazamaji wa Tshibumba alikuwa na habari zake mwenyewe za mwaka 1941, mwaka wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipopigwa risasi mjini hapa, na picha ilimwachia nafasi ya kuzisema.

Si neno kwamba mmoja amshinde mwingine. Kila mmoja amejibu hali ya soko lake na ya wasomaji wake. Jambo la kuepuka ni kumpima Tshibumba kwa kipimo cha Samba na kusema kwamba wa kwanza alikuwa hatua ya chini, na wa pili akaikamilisha. Maandishi machache ya Lubumbashi hayakuwa mwanzo dhaifu wa maandishi mengi ya Kinshasa. Yalikuwa machache kwa kuwa mengine yalisemwa.

8. Picha inaposafiri peke yake

Hapa ndipo penye hatari. Picha za mitaani za Lubumbashi zimetoka katika nyumba zilizonunuliwa ziwekwe. Mwaka 2013 jumba la makumbusho la Afrika ya Kati la Tervuren, Ubelgiji, lilipata mkusanyo wa Bogumil Jewsiewicki wenye karibu picha 2000 za Kongo, na mwaka 2016 sehemu yake ilionyeshwa Brussels, katika maonyesho yaliyoongozwa na Bambi Ceuppens pamoja na Sammy Baloji, msanii mzaliwa wa Lubumbashi. Mwaka 2015 maonyesho ya Beauté Congo ya Paris yalikusanya picha za Kongo tangu mwaka 1926. Si jambo la kulaumu kwamba picha zinatunzwa vizuri na kutazamwa na wengi. Magunia ya unga hayadumu katika mvua na vumbi. Lakini picha ikisafiri, hubeba tu kile kilichoandikwa. Kifaransa kinapanda ndege. Kiswahili kinabaki chumbani, kwa wazee.

Kitabu cha Fabian cha mwaka 1996, Remembering the Present, kimefanya zaidi ya vingine vyote kuizuia hasara hiyo, kwa kuwa kila picha imewekwa karibu na maneno ya mchoraji mwenyewe. Hata hivyo maneno hayo yamewekwa kwa Kiingereza. Maandishi ya Kiswahili ya mazungumzo yalitolewa pembeni, mwaka 1998. Msomaji wa kitabu chenyewe anaisikia sauti ya Tshibumba kwa lugha ambayo mchoraji hakuitumia, huku akiona juu ya picha lugha ambayo mchoraji hakuisimulia. Lugha ya kati, iliyoziunganisha picha na maneno, ndiyo isiyoonekana.

Ni lazima pia kukumbuka kwamba Tshibumba alizungumza na profesa mgeni aliyekuwa na mashine ya kurekodi. Masimulizi hayo ni ya thamani, lakini ni ya tukio moja. Hayaonyeshi yale ambayo fundi wa Gécamines alimwambia mwanawe mbele ya Colonie Belge, wala yale ambayo wageni wawili wa kabila tofauti walibishana mbele ya damu ya Lumumba. Masimulizi hayo ya pili, yale ya wenye picha, karibu yote hayakurekodiwa. Na ndiyo hasa yaliyokuwa ukumbusho, kwa maana kamili ya neno hilo.

9. Hitimisho

Katika sanaa ya kisasa ya Ulaya neno limeingia katika picha ili kuitilia shaka. Katika Kinshasa ya Chéri Samba limeingia ili kuzungumza badala ya watu. Katika Lubumbashi liliingia ili watu wazungumze. Tarehe mbili, jina moja, neno moja la damu: hayo yalitosha, kwa kuwa waliokaa chumbani walikuwa na mengine.

Mambo matatu yanafuata kwa wanaofanya kazi katika idara za lugha. La kwanza, maandishi ya picha yanakiliwe kama yalivyo, herufi kwa herufi, pamoja na yale yanayoitwa makosa. La pili, pasitolewe maelezo ya picha ya Lubumbashi yasiyotaja Kiswahili chake, hata kama Kiswahili hicho hakionekani juu ya turubai. La tatu, na ndilo la haraka, wanafunzi wachukue nakala za picha hizi na kuzipeleka katika Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, wawaulize waliozitundika zamani. Wasiulize picha ina maana gani. Wakae, wainue macho, waulize kwa nini 1885, kwa nini 1959, kisha wanyamaze na kuandika. Picha zenyewe ziko salama Amsterdam na Tervuren. Wanaoweza kuzisimulia wako mjini hapa, na idadi yao inapungua kila mwaka.